Neno la Shosho, Mkono wa Tata

Walisema sitafika popote. Walisema mtoto aliyekulia jikoni kwa shosho wake, yaani bibi yake, akichambua maharagwe na kusikiliza stori za wanawake, hawezi kuvuka Naivasha, sembuse bahari. Mwalimu mmoja aliniambia mbele ya darasa zima kwamba cheti pekee nitakachowahi kupata ni kile cha chanjo. Basi wajue, wale ambao bado wako hai, kwamba nilivuka, nikasoma, nikarudi. Diploma yangu ya uhifadhi wa nafaka iko ukutani pale ofisini, ndani ya fremu nzito, na kila anayeingia lazima aipite kabla hajafika kwenye kiti. Na ile mashine ya kukaushia mahindi unayoiona ukitoka Rongai kuelekea Eldoret, ile yenye paa la bluu, ni yangu. Sina mshirika. Niliifunga kwa mikono yangu mwenyewe, bolti kwa bolti.

Asubuhi mashine ikiwaka, harufu ya mahindi yanayopoteza maji inatandaa hadi barabarani. Nyinyi wa rika langu mnaijua. Ni tamu, inakaribia harufu ya mkate, lakini chini yake kuna vumbi na kitu kingine cha zamani, kama nguo iliyokaa sandukuni. Juzi dereva wa lori alikuwa amesimama nami pale akingoja mzigo wake. Alikuwa amesikia kwamba niliishi Uingereza.

"Boss," akaniuliza, "hebu nisaidie. Huko wako na mfalme na wako na waziri mkuu. Sasa mkubwa ni nani?"

Nikafungua mdomo nimjibu kwa ile sauti yangu ya kisomi. Nimeishi kule miaka ya kutosha, nimeona mawaziri wakuu wakiingia na kutoka nyumba ileile kama wapangaji, huku taji likibaki mahali pake. Lakini upepo uligeuka, ukanirushia ile harufu usoni, nikayageukia mahindi. Jibu la swali lake nililijua kabla sijajua Uingereza iko upande gani wa ramani. Nilikuwa na miaka kumi na moja.

Nikiyakumbuka maisha yale, kila kitu kina rangi ya chai ya maziwa. Ukungu uliokuwa ukishuka kutoka mgongo wa Menengai, migongo ya ng'ombe, kuta za mawe, hata sauti za watu, zote naziona kupitia rangi hiyo. Shamba letu lilikuwa kipande cha shamba lililokuwa la mzungu, ambalo babu na wenzake walinunua na kugawana. Babu alipata kipande chenye zizi la farasi. Farasi hawakuwepo tena, ila kuta zilikuwa nene na zenye baridi, na pete za chuma za kufungia wanyama zilikuwa bado zimechomoza kwenye mawe. Zizi hilo ndilo lilikuwa jiko la Shosho, mama yake baba yangu, na mbele yake, kwenye baraza, ndipo kiti chake kilipokaa.

Shosho alikaa. Hiyo ndiyo kazi niliyomwona akifanya. Alikaa akiangalia lango, shuka limefunika magoti, na kila aliyeingia alimsalimu yeye kabla hajamsalimu mtu mwingine. Mahindi ya kwanza ya msimu yalichomwa na hakuna aliyeyagusa kabla yeye hajauma. Hakuna aliyepita mbele yake na panga begani. Kadi ya kupelekea maziwa iliandikwa jina lake, ingawa sikuwahi kumwona akikamua. Cheti cha shamba kilikuwa na jina lake, ingawa sikuwahi kumwona akishika jembe. Mimi nilipewa jina la babu, Kimani, na kwa hiyo Shosho aliniita mzee wangu, na wageni wakacheka, nami nikajiona mtu mkubwa sana katika nyumba ile.

Aliyekimbia huku na huku alikuwa Tata Njeri, shangazi yangu, kifungua mimba wa Shosho. Hakuolewa. Alivaa gamubuti, vile viatu virefu vya mpira, kuanzia asubuhi hadi jioni, na alikuwa na sauti iliyowafanya ng'ombe wageuze shingo. Ufunguo wa stoo ulining'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu, ndani ya blauzi. Kila mwaka kabla ya kupanda, kaka zake watatu walikuja kutoka Nakuru mjini, wakakaa sebuleni, wakabishana. Kisha walitoka wote hadi kwenye kile kiti na mmoja wao akasema, "Mama, tumeona Njeri aendelee." Tata alivua ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha mama yake, na Shosho akamrudishia. Kazi yote ya Shosho katika jambo hilo ilikuwa ni kupokea na kutoa. Lakini mimi niliona mkono wake tu, na nikaamini kwamba ndiye aliyechagua.

Tena kulikuwa na Jumamosi. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Tata alivua gamubuti, akaosha miguu pale kwenye tangi, akafunga kitambaa safi kichwani, akaingia jikoni kwa Shosho na vikombe viwili vya chai. Mlango ulifungwa. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuingia, hata kuku walifukuzwa. Alikaa humo hadi chai iishe, na alipotoka alisema kwa sauti kubwa, "Mama amesema tupande ngano kule chini," au, "Mama amesema yule ndama auzwe." Mara hiyo watu walishika majembe. Nilikuwa mtoto, na hesabu yangu ilikuwa rahisi: Shosho anaamua, Tata anatangaza. Kwangu Tata alikuwa kama kengele ya shule, na wala si mwalimu mkuu.

Baba yangu, kitinda mimba wa nyumba ile, alifariki nikiwa darasa la pili. Alikuwa amejenga nyumba ya mbao ya chumba kimoja kando ya zizi. Baada ya mazishi Mama alijaribu kukaa, lakini yeye na Tata walikuwa kama paka wawili kwenye gunia moja. Mwishowe akaenda Karagita, akapanga chumba, akawa anafunga maua kwenye shamba moja karibu na Ziwa Naivasha. Alinipigia simu Jumapili kupitia kwa jirani. Nyumba ya baba ikajaa mahindi. Kwa sababu ndiyo pekee yenye sakafu ya mbao iliyoinuka kutoka ardhini, ikawa stoo bora kuliko zote, na anko zangu waliipenda sana kwa kazi hiyo. Mahindi yaliwekwa humo hadi bei ipande.

Siku moja Mama akaja bila kutarajiwa. Alikuwa amekonda, na vidole vyake vilikuwa na mikwaruzo ya miiba. Alikaa kwenye ncha ya benchi kama mgeni, akaeleza kwamba kazi inaisha mwisho wa mwezi, na kwamba angependa kurudi nyumbani kwake.

"Nyumba iko na mahindi," Tata akasema.

"Najua iko na mahindi. Mahindi yanaweza kuhama."

"Yaende wapi, Mama Kimani? Kwa barabara?"

"Njeri, mimi siombi shamba. Naomba mlango."

"Nitaona," Tata akasema, akaondoka kwenda kwa ng'ombe wake.

Nilimsindikiza Mama hadi barabarani. Aliniambia bila kunificha, kwa sababu hakuwa mtu wa kuficha, kwamba nyumba isipofunguliwa atakwenda kwa kaka yake Ndabibi, ng'ambo ya ziwa, na mimi nitabaki hapa kwa ajili ya shule. "Utakuwa unakuja likizo," akasema. Nilijua likizo ni nini. Nilikuwa nimemngoja likizo tatu na alikuja moja.

Sasa, wiki hiyohiyo, mwalimu wetu wa historia akatufundisha jinsi nchi nyingine zinavyotawaliwa. Alichora taji ubaoni, likatoka kama ndizi zilizopangwa kwenye mkungu. Akatuambia kwamba kule Uingereza kuna anayevaa taji na kuna waziri mkuu, kwamba waziri mkuu humwendea mwenye taji kila wiki kumweleza mambo ya nchi, na kwamba hakuna kitu kinachokuwa sheria mpaka mwenye taji akubali. Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Nilikuwa nimemwona mtu huyo. Nilikuwa nimempelekea maji ya kuoga asubuhi ileile. Nikamwuliza mwalimu, "Na mtu akitaka jambo, si ni afadhali aende kwa mwenye taji moja kwa moja?" Darasa likacheka. Mwalimu akasema swali hilo ni la mtihani wa mwaka mwingine.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Shosho kwenye kiti chake na ungo wa maharagwe mapajani. Nikakaa chini kando ya miguu yake, nikaanza kutoa mawe.

"Shosho."

"Mm."

"Mama anataka kurudi."

Vidole vyake viliendelea. Jiwe, jiwe, harage bovu.

"Nyumba ya baba iko na mahindi. Kama hayatolewi, Mama ataenda Ndabibi na mimi nitabaki."

"Nani amekwambia?"

"Ni yeye mwenyewe. Shosho, nataka useme arudi."

Aliacha kuchambua. Aliniangalia kwa muda mrefu, na macho yake, ambayo yalikuwa yameanza kuwa na ukungu wa buluu pembeni, yalijaa kitu nilichokiona kuwa ahadi. Akaniwekea kiganja kichwani. Kilikuwa kikavu na chepesi kama ganda la hindi.

"Nimesikia, mzee wangu," akasema. "Nimesikia kabisa."

Kwa hivyo imekuwa sheria. Hivyo ndivyo nilivyoelewa. Nilitoka pale nikielea. Jua lilikuwa linateremka na mashamba ya mkonge upande wa pili yalikuwa ya fedha, na treni ya mizigo ilikuwa ikipita polepole sana, kana kwamba nayo ilikuwa imesikia na haikutaka kuharibu. Nilijua kwamba Mama hana chochote cha maana katika chumba kile cha Karagita. Kazi iliyobaki, basi, ilikuwa ni kumwandalia nyumba, na mtu wa kazi hiyo alikuwa mimi.

Nilianzia kwa Mama Chebet, jirani yetu wa upande wa juu, ambaye alikuwa na mablanketi mengi kwa sababu watoto wake wote walikuwa wameolewa na kuoa.

"Ati Shosho amesema arudi?" akauliza akishika kiuno. "Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

"Haki Mungu yuko. Nilijua huyo mama ako na roho. Chukua hii, chukua na sufuria, hii kubwa. Mwambie asiniletee haraka."

Kisha nikaenda kwa Mzee Karanja, aliyewahi kufanya kazi reli, nikamwomba jiko la makaa.

"Kijana, umeoa?" akaniuliza.

"Ni la mama yangu. Shosho amesema anarudi."

Alivua kofia. Ndiyo, alivua kofia kwa sababu ya neno la Shosho, na Shosho hakuwepo hapo. "Kama amesema, imesemwa," akanijibu, akanipa jiko na makaa nusu debe.

Nilificha vitu hivyo nyuma ya tangi na kuvifunika kwa majani ya ng'ombe. Vitu vilifichika, habari haikufichika. Jumamosi saa nane hivi, Tata akiwa bado shambani, kina mama wa kanisa waliingia langoni wakiimba. Walikuwa saba au wanane, na ndizi, na unga, na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Mama Chebet alikuwa mbele ingawa hakuwa wa kanisa lile.

"Tumekuja kukushukuru," kiongozi wao akamwambia Shosho akiwa amepiga magoti. "Wengine wetu tuko na wakwe ambao wangetufungia nje. Wewe umemfungulia. Mungu akuongeze siku."

Nilikuwa nimesimama kando ya nguzo, na ndipo kwa mara ya kwanza niliona kitu kwenye uso wa Shosho ambacho sikukielewa. Hakushangaa. Hakukana. Hakukubali. Aliinamisha kichwa kidogo, akawapokea mikono mmoja mmoja, akauliza habari za watoto wao kwa majina. Kisha macho yake yakanipata pale kwenye nguzo, yakatulia juu yangu.

Tata akatokea na gamubuti zake zenye matope, akakuta boma limejaa nyimbo. Akasikiliza kidogo tu. Akasalimia, akatabasamu, akanishika sikio taratibu sana, kwa adabu, hadi nyuma ya tangi, mahali palepale nilipoficha vitu. Alivifunua. Akaangalia blanketi, sufuria, jiko.

"Nani amesema mama yako anarudi?"

"Shosho."

"Alisema nini? Neno kwa neno."

"Alisema amesikia. Amesikia kabisa."

Nilifumba macho kungoja kofi. Halikuja. Nilipofumbua, Tata alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na alikuwa anacheka bila sauti, mabega yakimtikisika.

"Kimani, mimi ameniambia amesikia tangu kabla hujazaliwa. Namwambia ngano imekufa, amesikia. Namwambia nauza ndama, amesikia. Shosho yako hajawahi kuamua hata chumvi ya hii boma."

"Lakini si wewe husema Mama amesema?"

"Sasa niseme nini? Nikisema ni mimi, tutabishana mpaka ng'ombe wakose kukamuliwa. Nikisema Mama amesema, watu wanashika jembe. Ni neno lake. Lakini anayelipika na kulileta ni mimi."

"Kwa nini asiamue mwenyewe? Si ndiye mkubwa?"

"Ndiyo, ndiye mkubwa. Sasa sikiza." Akanivuta karibu. Alinuka maziwa na udongo. "Akiamua na mambo yaharibike, lawama tutapeleka wapi? Tumfukuze mama yetu? Tuweke mama mwingine? Mimi mnaweza kunifukuza. Anko zako wakinichoka wanachukua huo ufunguo na maisha yanaendelea. Hiyo ndiyo kazi yangu, kufukuzika."

Nimesoma vitabu tangu wakati huo, na nimepita mtihani wa wageni kule Uingereza, ambao waliozaliwa kulekule huufeli. Hakuna mahali nilipoliona jambo hili limeelezwa vizuri kuliko nyuma ya lile tangi.

"Sasa umemweka mahali pabaya," Tata akaendelea, na kicheko kilikuwa kimekwisha. "Hao wamemshukuru kwa kitu ambacho hakusema. Akikana, anaonekana mwongo. Nikikataa mimi, namwangusha mbele ya kijiji. Na niliwaahidi ndugu zangu hayo mahindi yatakaa juu ya mbao mpaka bei ipande."

"Yawekwe kwa zizi la ng'ombe."

"Na mvua?"

Mawingu yalikuwa yameshasimama juu ya Menengai, meupe juu na meusi chini. Nikaanza kulia, si kwa kuogopa, bali kwa sababu nilimwona Mama akishuka Ndabibi na mfuko wake. Tata aliniacha nilie. Kisha akavua gamubuti, akaosha miguu, akafunga kitambaa safi. Ilikuwa bado ni Jumamosi.

Ukutani mwa zizi la farasi kulikuwa na tundu la hewa, jembamba kama bahasha, na nililijua vizuri. Nilipanda juu ya jiwe, nikaweka sikio. Nilisikia vikombe. Nilisikia kina mama wakiaga huko nje. Kisha nikasikia sauti ya Shosho, na hakuwa akiamuru. Alikuwa anauliza.

"Mahindi yatalala wapi?"

"Kwa zizi la ng'ombe, Mama."

"Na mvua?"

"Itanyesha."

Mtu alikunywa chai.

"Ndugu zako watasema nini?"

"Watasema ni mimi."

"Na wewe umefikiria hiyo?"

"Nimefikiria."

Kikombe kiliwekwa chini, nami nikajikunyata nikidhani wameniona. Halafu Shosho akasema, polepole sana, kama mtu anayeweka yai mezani, "Basi nimesikia, Njeri."

Mlango ulifunguka. Tata akasimama barazani na sauti yake ile ya ng'ombe kugeuza shingo. "Mama amesema mke wa marehemu arudi kwa nyumba yake!"

Tulihamisha mahindi siku mbili, vibarua wawili, Tata na mimi. Magunia yalipotoka, nyumba ya baba ikabaki na mwangwi, na miale ya jua ikapenya kwenye nyufa za mbao na kusimama katikati ya vumbi la mahindi kama nguzo. Nilipita ndani yake na mikono yangu ikawa ya dhahabu. Kitanda ndicho kilichokosekana. Jioni ya kabla ya Mama kufika, Tata alifungua kitanda chake mwenyewe, akakibeba vipande vipande bila kusema neno, akakifunga pale chini ya dirisha. Nilimshikia misumari. Akaenda kulala kwenye godoro lililowekwa sakafuni.

Mama alikuja na mfuko mmoja na ndoo. Alisimama mlangoni muda mrefu. Aligusa fremu ya mlango ambayo baba aliipiga randa, akanusa kiganja chake. Sikumbuki alichosema. Nakumbuka kwamba nililala ukutani, yeye upande wa nje, na kwamba mvua ilianza kugonga mabati kabla giza halijaingia vizuri, na kwamba kwangu mimi ilikuwa sauti nzuri kuliko zote duniani. Upande wa pili wa boma, chini ya paa la zizi la ng'ombe lililovuja, mahindi yalikuwa yanasikia mvua ileile.

Yaliharibika. Si yote, lakini mengi ya kutosha. Magunia ya chini yalishika ukungu wa kijani, na harufu yake ilikuwa chungu, ya kuingia kooni. Watu huniuliza kwa nini, katika kozi zote za Uingereza, nilichagua nafaka. Wenzangu walisomea kompyuta. Mimi nilikuwa na sababu yangu, na leo hakuna gunia linalopita mikononi mwangu na maji kupita kiasi. Waulize wakulima kuanzia Rongai hadi Njoro.

Anko zangu walikuja kabla ya msimu wa kupanda. Safari hii hawakukaa sebuleni sana. Anko Mbugua, mkubwa wao, alileta konzi ya mahindi yaliyooza, akayamwaga sakafuni pa baraza, mbele ya kiti cha Shosho.

"Nani alitoa mahindi kwa stoo?"

"Ni mimi," Tata akasema.

"Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana."

"Mama, wewe ulijua haya?"

Shosho alifungua mdomo. Niliona kabisa akifungua mdomo. Lakini Tata alikuwa mwepesi zaidi. "Mama alisema mke wa ndugu yetu arudi nyumbani. Hilo ni neno lake. Kuweka mahindi kwa zizi ni mimi niliamua. Usichanganye."

"Lakini Shosho alijua!" nikapiga kelele. "Alimwuliza mvua! Nilisikia!"

"Kimani!" Sikujua kwamba Tata angeweza kuniangalia vile. "Nyamaza. Kunywa chai yako."

Anko Mbugua akamwangalia Shosho, akaangalia mlango wa nyumba ya baba, ambapo Mama alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Niliona akipima. Angeweza kubadilisha jambo lolote la Tata siku ileile. Lakini neno la Shosho lilikuwa limekaa mbele yake kwenye kiti, na shuka magotini. Akashusha macho. "Sawa," akasema. "Neno la Mama ni neno la Mama. Lakini ufunguo, tumeona niushike mimi."

Tata akavua ile kamba. Akauweka ufunguo kwenye kiganja cha mama yake. Shosho aliushika, na safari hii hakuutoa mara moja. Mkono wake wa pili ulikuja, ukafunika mkono wa Tata, ukakaa hapo hadi mmoja wa anko zangu akakohoa. Kisha akampa Mbugua ufunguo. Nilimchukia Shosho siku ile. Nilichukia hata shuka lake. Ilinichukua miaka mingi, na bahari katikati, kuelewa kwamba mama alikuwa amemshikia binti yake kitu kizito, kwa njia pekee aliyoruhusiwa.

Mama alipata vibarua vya ngano, kisha akaanza kuuza maziwa kituoni. Haikupita mwaka akawa na blanketi lake, sufuria yake, jiko lake, na fundi akamtengenezea kitanda cha mti wa mkaratusi kilichonuka dawa ya kifua. Ilikuwa likizo. Nikamwambia kwamba vitu vya watu nitavirudisha mimi, kwa sababu ni mimi niliyevikopa, na nilitaka vimalizike siku moja.

Asubuhi nilimpelekea Mama Chebet blanketi likiwa limefuliwa, na sufuria ikiwa na mayai ndani, kwa sababu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Aliyahesabu akicheka. "Nilimwambia asilete haraka, na kweli hamkuleta haraka!" Mzee Karanja nilimpelekea jiko likiwa limepakwa udongo mpya, na makaa debe zima. Akalizunguka kama mtu anayekagua injini, akasema halikuwahi kuwa zuri hivyo.

Kikabaki kitanda. Nilikifungua mwenyewe, nikabeba miguu yake minne kwanza, nikapita nje ya baraza nikiwa nimekumbatia mbao. Tata alikuwa chumbani kwake. Tangu aachie ufunguo alikuwa amekuwa mtu wa kukamua na kunyamaza, na Jumamosi aliyeosha miguu na kuingia na chai kwa Shosho alikuwa Anko Mbugua. Godoro lake lilikuwa bado sakafuni, limetandikwa vizuri, kingo zimenyooshwa.

Akaangalia zile mbao mikononi mwangu.

"Nani amesema uirudishe?"

Nilijua majibu yaliyokuwepo. Ningeweza kusema Mama amesema. Ningeweza kusema Shosho amesema, na hakuna ambaye angeuliza zaidi.

"Ni mimi," nikasema. "Nimeamua mwenyewe."

Tata akasukuma godoro kando kwa mguu, akapiga goti, akanyoosha mkono kupokea mguu wa kwanza wa kitanda.

"Basi shika huo upande mwingine," akasema. "Na ushike sawasawa. Ikianguka, ni wewe."